Kasi bila Makutano si Safari: Nakuru na Ndoto ya Treni ya Kimataifa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii hufunzwa darasani kama onyo dhidi ya tamaa, nasi tumeikariri mara nyingi hata hatuisikii tena. Hebu leo tuitazame kwa jicho la msafiri. Fisi hakushindwa na umbali, wala hakushindwa na uchovu wa miguu. Alishindwa pale njia zilipogawanyika. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba Afrika Mashariki ya leo, katika shauku yake ya kujenga reli za kisasa, imo hatarini kushindwa palepale aliposhindwa fisi, yaani katika makutano.

Tangu mwaka wa 2017, mazungumzo yetu kuhusu reli yametawaliwa na neno moja: kasi. Magazeti yametueleza treni ipi inakwenda kilomita 120 kwa saa na ipi inakwenda 160. Viongozi wamesimama majukwaani wakihesabu saa zitakazookolewa. Hakuna ubaya katika hesabu hizo. Hata hivyo, mtu anayepanga safari ya treni kutoka nchi moja hadi nyingine, na ambaye analazimika kushuka katika kituo fulani ili apande treni ya pili, hukabiliwa na maswali mengine kabisa. Je, treni ya kwanza ikichelewa, ya pili itamngoja? Akiachwa, ni nani atakayegharamia malazi yake? Tiketi aliyonunua upande huu wa mpaka itatambuliwa upande wa pili? Na tangazo la kubadilishwa kwa jukwaa litatolewa kwa lugha gani?

Msimamo wangu ni kwamba safari ya kimataifa ya reli hujengwa kwa makutano kabla ya kujengwa kwa kasi. Ninashikilia pia kwamba mji wa Nakuru, uliokuwa njia panda ya reli ya Kenya na Uganda, una haki na wajibu wa kulisema jambo hili kwa sauti kuu. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tunayo sehemu yetu katika kazi hiyo, kama nitakavyofafanua.

Tulikotoka

Ni vyema tukumbuke kwamba safari ya kimataifa ya reli yenye kuunganisha si ndoto mpya katika Bonde la Ufa. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Ujenzi wa ile iliyoitwa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899, ukapita Nakuru mwaka wa 1900 na kufika ufuoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Wakati huo Naivasha, Nakuru na Kisumu zilihesabiwa kuwa katika himaya ya Uganda. Zilihamishiwa upande wa Kenya mwaka wa 1902. Kwa hiyo reli yenyewe ilivuka mpaka, kisha mpaka ukahamishwa juu ya reli!

Msafiri wa siku hizo aliyetaka kwenda Entebbe hakufika kwa treni peke yake. Alishuka Kisumu, akapanda meli na kulivuka ziwa. Treni na meli zilikuwa viungo viwili vya mwili mmoja. Treni ilipokosa kufika, meli ilikosa abiria na shehena. Meli ilipokwama, treni ilibaki bila kazi. Hali hii iliendelea hadi miaka ya ishirini, njia mpya ilipotandazwa kutoka Nakuru kupitia Rongai na kupanda milima hadi Timboroa, penye kimo cha zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka hadi Eldoret mwaka wa 1924. Mwaka wa 1931, baada ya daraja la mto Naili kukamilika huko Jinja, treni iliweza kufika Kampala bila abiria kuvuka ziwa.

Hapo ndipo Nakuru ilipopata cheo chake. Njia moja ilielekea kusini magharibi kupitia Njoro, Elburgon na Molo hadi Kisumu. Nyingine ilielekea kaskazini magharibi hadi Uganda. Msafiri aliyefika Nakuru alipaswa kujua yumo katika behewa lipi. Aliyezubaa angeweza kuamka Kisumu ilhali nduguze wanamngoja Kampala.

Mnamo 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Upande wa pwani, tawi la Voi hadi Taveta lilikutana na reli ya Tanga na Moshi huko Kahe. Ziwani, katika miaka ya sitini, zilianza kazi meli za Umoja na Uhuru, ambazo hupakia mabehewa yenyewe na kuyavusha kati ya Kisumu, Mwanza na Port Bell. Tuyatafakari majina hayo mawili. Waliozibatiza meli hizo walielewa kwamba kuunganisha ni jambo la siasa na la utu kama lilivyo jambo la chuma na mafuta.

Kisha ukaja mwaka wa 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likagawanywa kama urithi wa ndugu waliokosana. Reli hazikung'olewa. Mataruma yalibaki yamelala palepale. Kilichong'olewa ni makubaliano: ratiba moja, hesabu moja, amri moja. Kuanzia mwaka wa 2006, reli za Kenya na Uganda zilikodishwa kwa kampuni moja ya kibinafsi, Rift Valley Railways, lakini mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 25 ulifikia kikomo mwaka wa 2017 bila kurejesha hadhi ya zamani. Funzo ni bayana. Chuma peke yake hakiunganishi watu.

Hesabu ya kasi na hesabu ya kungoja

Wako watakaosema kwamba hizi ni hadithi za babu, na kwamba zama za utandawazi zinadai kasi. Basi na tufanye hesabu.

Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ina urefu wa takriban kilomita 472. Treni inayokwenda kilomita 120 kwa saa bila kusimama ingemaliza umbali huo kwa muda usiotimia saa nne. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa, kama zile za umeme zilizoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka wa 2024, ingeumaliza kwa muda usiotimia saa tatu. Tofauti ni saa moja. Hiyo ndiyo zawadi ya kasi, nayo si haba.

Sasa tumchukue abiria huyohuyo, tumpe treni ya pili ya kuunganisha inayoondoka mara moja tu kwa siku. Treni yake ya kwanza inachelewa kwa dakika 20, ya pili inaondoka bila kumngoja. Amepoteza saa 24. Ili kulipa hasara ya siku moja kama hiyo kwa faida ya saa moja moja, itambidi asafiri mara 24 bila kuchelewa hata mara moja. Ama kweli, haraka haraka haina baraka, iwapo haraka yenyewe inaishia kwenye benchi la stesheni.

Tusisahau pia kwamba hata neno lenyewe tunalitumia kwa ukarimu mno. Kwa vipimo vya UIC, muungano wa mashirika ya reli duniani, njia mpya huhesabiwa kuwa ya kasi kubwa iwapo treni zake hukimbia kilomita 250 kwa saa au zaidi. Barani Afrika, Moroko ilitangulia mwaka wa 2018 kwa treni yake ya Al Boraq, inayofikia kilomita 320 kwa saa. Hata hiyo haina njia mpya ya kasi mwendo wote. Kutoka Tangier hadi Kenitra hukimbia katika njia mpya, kisha huingia katika reli ya kawaida hadi Casablanca. Wamoroko hawakungoja hadi njia nzima iwe mpya ndipo waanze kusafiri. Waliunganisha mpya na kuukuu, na treni ikapita.

Tiketi moja, ahadi moja

Ili tuelewe makutano yanavyopangwa, tuwatazame waliotutangulia. Tuseme kijana wa Nakuru anasoma London, naye anataka kumtembelea dada yake anayefanya kazi Cologne, Ujerumani. Tangu mwaka wa 1994 kuna treni zinazopita chini ya bahari kutoka Uingereza hadi bara la Ulaya. Kijana wetu atapanda treni London, ashuke Brussels nchini Ubelgiji, kisha apande nyingine hadi Cologne. Kwa macho ni safari nyepesi. Katika kupanga, ina mambo manne ya kuzingatiwa.

Kwanza ni hati. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya eneo la Schengen, na maafisa wa Ufaransa humkagua papo hapo London kabla hajapanda treni. Kwa hiyo mpaka hauko pale ramani inapouonyesha. Uko mlangoni pa stesheni, na ni lazima afike mapema. Pili ni muda wa kubadilisha treni huko Brussels. Akiacha dakika chache mno, kuchelewa kidogo kutamwangusha. Akiacha nyingi mno, kasi yote aliyoilipia itayeyukia katika ukumbi wa kungojea. Tatu ni kujua treni inayofuata ni ya saa ngapi, iwapo ile aliyoikusudia itamponyoka. Jambo la nne ndilo kiini cha hoja yangu: je, amenunua tiketi moja au mbili?

Tiketi mbili ni mikataba miwili. Mwenye treni ya kwanza ameahidi kumfikisha Brussels, basi. Mwenye treni ya pili ameahidi kuondoka kwa wakati wake. Katikati ya ahadi hizo mbili pana ufa, na anayetumbukia humo ni abiria. Tiketi moja ya safari nzima ni ahadi moja. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwezi wa Juni 2023, abiria mwenye tiketi ya namna hiyo akikosa treni ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, ana haki ya kufikishwa mwisho wa safari yake kwa njia nyingine au kurudishiwa nauli. Kwa kawaida, akifika akiwa amechelewa kwa saa moja hulipwa robo ya nauli. Akichelewa saa mbili au zaidi hulipwa nusu. Ziko hali zinazosamehewa, kama vile tufani kali, lakini kanuni ni hiyo.

Tuzingatie kwamba haki hizo hazikuletwa na injini yenye nguvu. Zililetwa na watu walioketi mezani wakaandika. Gharama yake ni karatasi, wino na nia njema. Sisi tumeweza kukopa mabilioni ya fedha kwa ajili ya kokoto na chuma. Je, kuandika kurasa chache za makubaliano kutatushinda?

Nakuru kando ya ramani

Sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Oktoba 2019 reli ya kisasa ilisogea kutoka Nairobi kupitia Ngong na Mai Mahiu hadi Suswa, mwendo wa takriban kilomita 120. Mradi wa kuiendeleza kutoka hapo umechorwa kupitia Narok na Bomet hadi Kisumu, kisha Malaba. Ng'ambo ya mpaka, mwezi wa Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Ukizichora njia hizi zote kwa wino mmoja, utapata mstari mzuri kutoka Bahari ya Hindi hadi Kampala. Ila kuna mji mmoja usiokuwa juu ya mstari huo. Mji huo ni Nakuru.

Siandiki haya kwa wivu wa kijimbo. Wakazi wa Narok, Bomet na Nyamira hawajawahi kuwa na reli ya maana, na ni haki yao kuipata. Ninachouliza ni hiki: Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, itaunganishwa vipi na mstari huo? Atakayetoka Kabarnet, Nyahururu, Molo au Olenguruone hushuka Nakuru na kuunganisha gari. Hiyo ndiyo kazi ya mji huu tangu ulipozaliwa. Mkulima wa viazi, mgonjwa anayekwenda hospitali kubwa, mwanafunzi wa Njoro anayekwenda likizo Busia, wote huzungumza juu ya Nakuru kama mahali pa kuunganisha. Mji wa namna hii ukiachwa nje ya mtandao, hauachwi peke yake. Huachwa pamoja na miji yote inayoutegemea.

Jibu, kwa maoni yangu, tunalo tayari ardhini. Reli ya zamani ya upana wa milimita 1,000 bado inapita Longonot, Naivasha, Gilgil na Nakuru, na kuendelea hadi Malaba na Kisumu. Kipande cha takriban kilomita 24 kilijengwa ili kuiunganisha depo ya makontena ya Naivasha, mwisho wa reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435, na stesheni ya Longonot. Kipande hicho kilikusudiwa shehena. Kontena linapofika hapo hunyanyuliwa kwa winchi, likawekwa juu ya behewa la reli nyembamba na kuendelea na safari yake. Kwa ufupi, kontena limekwisha kutengenezewa makutano. Binadamu bado.

Iwapo kontena linaweza kuunganishwa, seuze mtu mwenye miguu yake mwenyewe? Ninapendekeza treni ya kuunganisha, hata kama ni ya mabehewa matatu, iendayo Nakuru kupitia Gilgil na Naivasha hadi reli ya kisasa, yenye ratiba iliyofungamanishwa na ile ya treni kubwa na tiketi inayonunuliwa mara moja. Hili si jambo la kigeni. Jijini Nairobi, treni ndogo hutoka stesheni ya zamani katikati ya mji na kuwapeleka abiria kwenye stesheni kuu ya reli ya kisasa kwa saa zinazolingana na treni ya Mombasa. Kinachofanyika Nairobi kinaweza kufanyika Bonde la Ufa. Zaidi ya hayo, mwezi wa Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirudishwa kupitia Nakuru baada ya kutoweka kwa miaka mingi, na watu wakaipanda kwa hamu. Hamu ipo, kinachokosekana ni mpango.

Wapo watakaopinga kwamba reli ya zamani ni ya polepole, ina kona nyingi na milima mikali, na kwamba mabasi ya usiku yanatosha. Ni kweli kwamba treni ya zamani haiwezi kushindana na basi kwa kasi. Lakini treni ya kuunganisha haihitaji kushindana na basi. Inahitaji kufika kabla treni kubwa haijaondoka. Ama kuhusu mabasi ya usiku, yeyote anayeijua barabara kuu kati ya Naivasha, Salgaa na Mau Summit anajua ni familia ngapi zimepatwa na misiba humo. Kumpa msafiri njia ya pili si anasa.

Upande wa Malaba pana jambo jingine la kupangwa mapema. Reli ya Kenya hutumia dizeli. Ile ya Uganda inajengwa iwe ya umeme. Upana ni mmoja, lakini injini si moja. Je, behewa la abiria litavuka mpaka na kubadilishiwa injini tu, au abiria watashushwa na mizigo yao usiku wa manane? Tangu mwaka wa 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka mpaka wao kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Huo ni urahisi ambao kijana wetu wa London hana. Itakuwa aibu kubwa iwapo mtu atavuka mpaka kwa wepesi kuliko tiketi yake.

Lugha ya makutano

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanakihusu nini chama cha Kiswahili? Yanakihusu sana. Makutano ni mahali ambapo lugha huokoa au huangamiza. Abiria aliye ndani ya treni inayokimbia hahitaji kuelewa neno lolote, amekaa tu. Anayeshuka kituo cha kigeni akiwa na dakika 15 mkononi anahitaji kuelewa kila tangazo, kila kibao, kila alama. Na katika njia hii ya kutoka Mombasa hadi Kampala, na kwingineko hadi Dodoma, Bujumbura na mashariki mwa Kongo, hakuna lugha yetu wenyewe inayofaa kazi hiyo kuliko Kiswahili. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka wa 1999 ulisema kwamba Kiswahili kitakuzwa kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Maneno hayo matamu yatapimwa wapi kama si kwenye tiketi?

Kazi ya kwanza ni istilahi. Wazee wetu hawakuona haya kuyaundia majina mambo mapya. Neno taruma walilitoa kwenye chombo cha baharini, wakaliweka chini ya reli. Neno garimoshi walilitunga kwa kutazama tu, ingawa leo treni ya Dodoma haitoi moshi hata chembe! Watanzania wanazungumza juu ya mwendokasi, na ile treni yenye pua ndefu iliyochongoka wakaiita Mchongoko, jina ambalo hakuna kamati ingeweza kulibuni vizuri zaidi. Hata hivyo, katika mambo ya kuunganisha bado tunababaika. Na ilhali neno tunalo. Katika steji za Nakuru, abiria husema kila siku, "Nitashuka hapa niunganishe." Kwa nini basi tusiwe na tiketi ya kuunganisha, treni ya kuunganisha, muda wa kuunganisha na kituo cha makutano? Maneno haya hayahitaji ufafanuzi kwa mama anayeuza kabeji Gilgil. Hiyo ndiyo alama ya istilahi njema.

Kazi ya pili ni saa. Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa mbili asubuhi kwetu huandikwa 8:00 katika ratiba. Mtu anayepanga safari ya siku moja kijijini haathiriki na tofauti hiyo. Lakini katika makutano, kosa la saa sita ni kosa la siku nzima. Ongezea hapo kwamba saa za Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ratiba ya kimataifa yapaswa kuandika saa kwa tarakimu za mfumo wa saa 24 na, kando yake, kwa maneno ya Kiswahili: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Jambo hili ni dogo na halina gharama, lakini hakuna mhandisi atakayelikumbuka asipokumbushwa na wanalugha.

Kazi ya tatu ni haki. Masharti ya tiketi huandikwa kwa maandishi madogo na kwa lugha ya mawakili. Abiria asiyeyaelewa hawezi kudai haki yake hata kama imeandikwa. Kuyaandika masharti hayo kwa Kiswahili sanifu, chepesi na kisicho na utata ni kazi inayomstahili mhitimu wa isimu. Tunalalamika kwamba shahada ya Kiswahili haina soko, ilhali soko linatupita kila siku likipiga honi.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, nasisitiza kwamba siipingi kasi. Natamani siku nitakapopanda treni Mombasa asubuhi na kufika Kampala kabla ya giza kuingia. Ninachopinga ni kudhani kwamba kasi itatuletea umoja yenyewe. Reli iliyokwenda polepole kabisa, ya mvuke na makaa, iliwahi kuviunganisha vituo vya nchi tatu chini ya shirika moja. Nazo reli za leo zinazokwenda kasi mara kadhaa bado hazijaweza kuuza tiketi moja ya kuvukia mpaka.

Kwa wakuu wa reli wa nchi zetu, ombi ni tatu: tiketi moja, ratiba zinazongojana na ahadi iliyoandikwa kwa lugha ya watu. Kwa serikali ya kaunti ya Nakuru, ombi ni kwamba isingoje hadi mstari wa mwisho uchorwe ndipo ianze kulia. Treni ya kuunganisha idaiwe sasa, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa wanachama wenzangu wa Kiswahili, ombi ni tukusanye istilahi za reli kutoka steji, stesheni na bandari zetu, tuzipange, na tuzipeleke kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, kabla hazijaletwa tayari kutoka ng'ambo zikiwa zimebandikwa ukutani.

Fisi aliziona njia mbili akadhani ni lazima achague moja, au azifuate zote kwa pamoja. Hakufikiria jambo la tatu: kwamba njia zinaweza kupangwa zikutane. Nakuru ililijua jambo hilo zaidi ya miaka 90 iliyopita. Isiruhusiwe kulisahau.